Kidole tumbo kwa watu wazima: kinapata wengi kuliko tunavyodhani, na mapera tuache kuyasingizia

Tabibu wa Mwambao
Wakuu habari za jioni. Juzi pale kijiweni Makorora kulizuka ubishi mkubwa, dereva mmoja wa bajaji kafanyiwa oparesheni ya kidole tumbo na kila mtu ana sababu yake. Wa kwanza anasema mapera, jamaa alikuwa anayala na mbegu zake. Wa pili anasema mchanga wa kwenye wali. Wa tatu eti alikuwa na tabia ya kushiba halafu anabeba magunia. Alafu mzee mmoja akafunga mjadala kwamba huo ni ugonjwa wa watoto wa shule, mtu mzima mwenye ndevu zake akiambiwa ana kidole tumbo ajue hospitali wanatafuta hela. Mi nafanya kazi ya utabibu hapa Tanga na haya matumbo nayashika sana, nikaona kwa zile kelele sitaeleweka, bora nishushe uzi.

Tuanze na wingi wake. Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2019 yalikuwa wagonjwa kama milioni 17.7, sawa na watu 228 hivi katika kila watu 100,000, na waliokufa walizidi 33,000. Kuna hesabu ya Marekani ya mwaka 1990 ambayo mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanakaririshwa: mwanaume ana uwezekano wa asilimia 8.6 wa kuugua kidole tumbo katika maisha yake yote, mwanamke asilimia 6.7. Kwa hesabu hiyo wakikaa wanaume kumi na mbili barazani wanacheza bao, mmoja wao kitamkuta. Ni hesabu ya kwao, usiibandike Tanga kama ilivyo, ila inakupa picha kwamba huu sio ugonjwa wa nadra.

Kuhusu umri, yule mzee ana ukweli nusu. Kilele ni miaka 10 mpaka 19. Ila baada ya hapo haukatiki ghafla, unashuka taratibu, watu wa miaka 20 na 30 bado wako wengi sana wodini, wa 40 wapo, na wa 70 nao wanakuja na hao wa 70 ndo wanatutia presha zaidi ntaeleza mbele.

Sasa ndani kunatokea nini. Kidole tumbo ni kijibomba kimeota pale utumbo mpana unapoanzia, chini kulia, kwa wengi urefu sentimita 6 mpaka 10, kimefungwa upande mmoja, ni kama kile kichochoro cha Ngamiani ukiingia unakutana na ukuta inabidi urudi ulikotokea. Mlango wake ukiziba, ute unaendelea kutengenezwa ndani na hauna pa kutokea, presha inapanda, bakteria wanazaliana, mishipa ya damu inabanwa, nyama inaanza kuoza na mwisho inatoboka, usaha na uchafu unamwagika tumboni. Kinachoziba mara nyingi ni kijiwe cha kinyesi kilichokauka, au tezi ndogo ndogo zilizoko kwenye ukuta wake zikivimba baada ya maambukizi (hii zaidi kwa vijana), mara chache minyoo, mara chache zaidi uvimbe. Na kuna wagonjwa wanafanyiwa upasuaji hakikutwi kizibo chochote, kwaiyo hata wataalamu hawajafunga hilo faili.

Walio kwenye hatari zaidi ni hivi. Umri nshasema. Wanaume wako juu kidogo ya wanawake. Ukoo una nguvu kuliko watu wanavyodhani, ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua hatari yako inafika kama mara tatu ya mtu ambaye kwao hakuna, na wengi ukiwauliza ndo wanakumbuka "eeh hata kaka yangu ana kovu hapa". Sigara imeonekana kwenye tafiti kadhaa kwamba wavutaji wanaugua zaidi. Chakula kisicho na nyuzinyuzi kinatajwa sana ila kina ubishi wake. Ndo hayo, na ukiyaangalia vizuri utaona mengi huwezi kuyabadili, baba yako huwezi kumbadili na umri wako huwezi kuurudisha nyuma. Kwa hiyo mi watu wakiniuliza "nifanyeje nisiugue" huwa nawajibu swali hilo halina mzigo sana, swali lenye mzigo ni "likinianza nifike hospitali baada ya muda gani".

Maana tumbo hili lina ratiba yake. Linaanza kuuma kitovuni au juu yake kidogo, sio kali sana, mtu anadhani gesi. Hamu ya kula inakata kabisa, kichefuchefu, labda anatapika mara moja mbili. Baada ya masaa kadhaa maumivu yanahama yanashuka chini kulia na yanatulia hapo hapo, ukikohoa linauma, ukiruka linauma, mtu anatembea amepinda ameshika ubavu, na homa ya wastani. Ila karibu nusu ya wagonjwa hawafuati mpangilio huu, kidole kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo linaweza kuuma mgongoni, kikining'inia kwenye nyonga mtu anaharisha kidogo au mkojo unamsumbua. Kutoboka ndani ya masaa 24 ya kwanza sio kawaida, baada ya masaa 36 hivi hatari inapanda. Na kikitoboka kuna kitu kinaitwa nafuu ya uongo, maumivu yanapungua ghafla mtu anamshukuru Mungu anaomba chai, baadae kidogo tumbo zima linakakamaa gumu na hapo ndo shughuli.

Karibuni kwa maswali, matusi wekeni pembeni.

Kijana wa Duga
Siti ya mbele kabisa. Kwa iyo mkuu mapera niendelee kula?

Tabibu wa Mwambao
Kula mkuu. Mbegu za matunda zimewahi kukutwa kwenye vidole tumbo vilivyotolewa, hilo kweli, lakini ni mara chache mno, ukifungua vidole mamia kwa mamia unaweza kukutana nayo mara moja au usikutane nayo kabisa. Sasa fikiria Muheza na Tanga nzima watu wanavyokula mapera, nyanya, matikiti na pilipili na mbegu zake kila siku, ingekuwa ndo sababu hospitali yetu ya mkoa ya Bombo wangekuwa hawafanyi kazi ingine. Na hizo habari za kuruka, kukimbia au kubeba mzigo umeshiba hazina ushahidi, utapata kichomi tu.

Mzee wa Kambi
Vijana salaam. Mimi nimekulia kambi za mkonge huko Pongwe, miaka hiyo hatukuusikia huu ugonjwa, watu walifunguliwa tumbo kwa ngiri na kwa wanawake kujifungua basi. Tulikuwa tunakula bada, kisamvu, maharage, muhogo wa kuchemsha. Nyie mnakula chipsi asubuhi na jioni soda kubwa alafu mnashangaa. Mleta mada hapo kwenye chakula amepita mbio kwa nini.

Tabibu wa Mwambao
Shikamoo mzee wangu. Nilipita mbio kwa sababu ndo penye ubishi, ila umenichokoza vizuri ngoja nikae hapo.

Hoja yako ina mwenyewe. Kulikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alifanya kazi Uganda miaka mingi, ndo huyo huyo ile saratani ya taya ya watoto imepewa jina lake. Aliona kwamba wagonjwa wake Waafrika wa vijijini ni nadra sana kupata haya magonjwa ambayo Uingereza yanajaza wodi, kidole tumbo kikiwemo. Mwaka 1971 akaandika kwamba tofauti ni nyuzinyuzi, Mwafrika anakula chakula kisichokobolewa anapata choo kikubwa laini, Mzungu anakula unga mweupe anapata choo kidogo kigumu, vijiwe vinatokea, vinaziba. Maelezo yanaingia akilini na yalivuma sana.

Tatizo likaja kwenye hesabu za huko huko Ulaya. Kuanzia miaka ya 1930 na 1940 hivi ugonjwa ulianza kushuka wakati watu hawajaongeza nyuzinyuzi za maana. Ndo akaja Mwingereza David Barker miaka ya 1980 akasema tuangalie usafi: maji ya bomba na vyoo vya ndani vilipoingia, watoto wakawa hawakutani na vijidudu wakiwa wadogo, wanakuja kukutana navyo wakubwa, tezi zinavimba kwa fujo. Baadae usafi ukikamilika kabisa hata hivyo vijidudu vinapungua na ugonjwa unashuka. Nayo ina mashimo yake.

Kisichobishaniwa ni kwamba nchi zikianza kuwa na viwanda na miji ugonjwa unapanda. Takwimu za karne hii zinaonyesha Amerika Kaskazini kama wagonjwa 100 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Uturuki 160, Chile 202, Korea Kusini 206. Waliozoea wametulia, waliobadilika karibuni ndo wako juu. Sisi tunabadilika sasa hivi mzee, kwaiyo chipsi zako sijazitetea, ila siwezi kukuhakikishia kisamvu kitakukinga. Nishapokea watu wa kisamvu pia.

Na kitu kimoja, zamani kutousikia haina maana haukuwepo. Mtu alikuwa anakufa kwa "tumbo" anazikwa, nani alimfungua akaangalia?

Mzee wa Kambi
Hapo umesema. Kuna mnyapara wetu aliondoka hivyo hivyo, tumbo likamkakamaa, wakasema karogwa.

Bi Mikanjuni
Mwanangu tabibu nisaidie, mtoto wa mdogo wangu msichana mkubwa tu ana miaka 26 tumbo likamshika chini kulia, kwetu tukasema chango tukamchemshia dawa, akakandwa na bibi mmoja mjuzi wa kukanda, halikutulia, wengine wakasema apewe haluli aendeshe. Kuja kupelekwa hospitali wakampima mimba kwanza, yeye akaona wamemdhalilisha hajaolewa, ugomvi. Hivi mimba na kidole tumbo vinahusiana nini?

Tabibu wa Mwambao
Shikamoo shangazi. Hilo la kipimo naomba nililinde kwa nguvu zote. Mwanamke yeyote aliye kwenye umri wa kuzaa akija na maumivu chini ya kitovu lazima apimwe ujauzito, awe ameolewa, hajaolewa, awe mtawa, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi upande wa kulia inauma pale pale na ikipasuka damu inamwagika ndani mtu anaweza kufa mbele yako umeshika karatasi ya vipimo vingine. Sio dharau. Kuna pia uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai ukijisokota, kuna maambukizi ya mirija ya uzazi. Ndo maana kwa wanawake wazima kidole tumbo ni kigumu kukitambua kuliko kwa wanaume, na utrasaundi inasaidia sana kutenganisha.

Kukanda na haluli ndo naomba mniachie kabisa. Kidole kilichovimba ukikikamua kwa mikono kinaweza kupasuka, na dawa ya kuharisha inafanya utumbo ujikaze kwa nguvu, hatari ni ile ile. Mafuta ya nyonyo na enema viko humo humo. Kama tumbo linauma na hamu ya kula imekata, hakuna cha kuendesha hapo. Na kwa wanaume hadithi ni ile ile ila jina linabadilika, wao wanaambiwa ngiri inapanda.

Binti anaendeleaje sasa?

Bi Mikanjuni
Alitolewa kidole alhamdulillah kilikuwa hakijapasuka, yuko nyumbani. Nimekuelewa mwanangu.

Boda wa Chumbageni
Mi sio daktari ila nimebeba wagonjwa wengi, wa tumbo hili namjua kwenye matuta. Ukipita tuta hata ukipita taratibu anapiga yowe anakushika bega anakwambia simama. Mwenye tumbo la kawaida anakaa kimya anasikilizia tu. Nacheka lakini ndo ukweli

Tabibu wa Mwambao
Mkuu usicheke, hiyo imeandikwa kwenye jarida la madaktari. Mwaka 2012 Uingereza walichapisha utafiti, waliwauliza wagonjwa walioletwa kwa wasiwasi wa kidole tumbo kama gari lilipopita kwenye matuta maumivu yalizidi. Waliothibitika kuwa na ugonjwa walikuwa 34 na kati yao 33 walisema yalizidi. Ila kuna upande wa pili, wengi ambao hawakuwa na kidole tumbo nao walisema yalizidi. Kwaiyo abiria akipiga yowe usimpe jina la ugonjwa, endelea kumpeleka, lakini asiyesikia chochote kwenye matuta ya mji huu uwezekano wake ni mdogo. Sababu ni ule utando unaozunguka viungo vya tumbo, ukishavimba mtikisiko wowote unauchokoza. Sisi wodini tunafanya hivyo hivyo kwa kumwambia mgonjwa akohoe, au tunabonyeza taratibu chini kulia halafu tunaachia ghafla, mwenye nacho anaruka wakati unaachia sio wakati unabonyeza. Na kuna wakati unabonyeza kushoto yeye anaumia kulia.

Bajaji na boda kwa mgonjwa wa hivi ni mateso tu, kama kuna gari lolote mtafutieni gari.

Nesi Mstaafu
Tabibu ungegusia na hili la UTI na taifodi. Kila tumbo mjini hapa ni UTI na taifodi, mtu anaingia duka la dawa anatoka na sindano na vidonge vya mfuko mzima, siku ya tatu analetwa kabebwa.

Tabibu wa Mwambao
Ahsante sana dada umenikumbusha. Ujanja wa ugonjwa huu ni kwamba kidole kilichovimba kikiwa karibu na kibofu au mrija wa mkojo, ukipima mkojo unakuta chembe nyeupe, wakati mwingine hata damu kidogo. Mtu wa maabara anaandika ukweli wake, anayesoma anasema UTI, mgonjwa anapewa dawa anarudi nyumbani. Majibu ya mkojo peke yake hayaondoi kidole tumbo. Na kile kipimo cha haraka cha damu cha taifodi kinatoa chanya kwa watu wengi ambao hawana taifodi, hilo kila mtu wa maabara analijua.

Hakuna kipimo kimoja cha kumaliza kazi. Tunaunganisha: historia, mkono juu ya tumbo, chembe nyeupe za damu zimepanda au la, utrasaundi. Kuna mfumo wa alama 10 unaitwa Alvarado, wa mwaka 1986, maumivu kuhama alama, kukosa hamu ya kula alama, homa alama, pale chini kulia kuuma ukibonyezwa alama 2, chembe nyeupe kupanda alama 2, na kadhalika. Alama 7 kwenda juu ni za kuita daktari wa upasuaji. Siti skani ndo kali kuliko utrasaundi ila sio kila sehemu ipo, na mtu mwenye dalili zote kamili hacheleweshwi kwa kuisubiri.

Dawa ya maumivu yenyewe sio dhambi, zamani walikuwa wanatukataza kumpa mgonjwa eti itaficha dalili, sasa hivi mgonjwa akishafika anapewa. Shida ni ile ya kuchoma diklofenaki dukani halafu unarudi kulala.

Mpemba wa Sahare
Yakhe mie nna suala. Nimesikia sasa kuna kutibiwa kwa vidonge bila ya kukatwa. Kweli ama uzushi? Kisu nakiogopa mie.

Tabibu wa Mwambao
Kweli sio uzushi. Kwa kidole ambacho hakijatoboka, antibayotiki za hospitali zinaweza kukituliza. Finland walifuatilia watu wazima waliotibiwa hivyo, ndani ya miaka mitano kama 39 katika kila 100 walirudiwa. Marekani mwaka 2020 walitoa utafiti mkubwa, ndani ya siku 90 karibu watatu katika kila kumi waliopewa dawa walikuja kukatwa, na waliokuwa na kile kijiwe cha kinyesi walikatwa zaidi, kama 41 katika 100.

Sasa angalia, wale walikuwa wamepigwa picha kuhakikisha hakijatoboka, wakaanzishiwa dawa ya mshipa hospitali, wakawa wanafuatiliwa, likizidi usiku huo huo wanaingizwa chumba cha upasuaji. Hiyo ni tofauti na wewe kununua amoksilini Ngamiani ukarudi Sahare ukajifunika shuka. Mi binafsi kwa mtu anayekaa mbali na hospitali ya upasuaji, mvuvi wa kule Kigombe au mtu wa ng'ambo ya Pangani ambaye usiku usafiri hana uhakika nao, ntamshauri akitoe akimalize. Kukaa mbali ni sababu ya kutosha.

Mpemba wa Sahare
Haya nishafahamu. Nitakatwa basi ikibidi.

Kinda la Usagara
Si kuna daktari Mrusi alijikata mwenyewe? Au ni story za mtandao

Tabibu wa Mwambao
Ni kweli, Leonid Rogozov, tarehe 30 Aprili 1961, kwenye kituo chao Antaktika, umri miaka 27 na yeye ndo daktari peke yake pale. Hali ya hewa mbovu ndege haiwezi kuja. Akajichoma ganzi ya ngozi, mtu wa hali ya hewa akashika vifaa, dereva akashika kioo na taa, akajifungua tumbo akakitoa, kama saa moja na dakika 45 hivi, na alikuwa anapapasa kwa vidole zaidi kuliko kuangalia maana kwenye kioo kila kitu kimegeuka. Baada ya wiki mbili akarudi kazini. Alisema kile kidole kilikuwa na weusi kwenye kitako, kilibakiza muda mfupi kitoboke. Huyo hakuwa na Bombo bwana, wewe unayo usijaribu.

Machungwa Muheza
Mkuu huku kwetu kichocho cha mkojo kipo sana, watoto wanaogelea mitoni. Kuna mtu aliniambia kichocho kinaleta kidole tumbo, na minyoo pia. Ukweli ukoje?

Tabibu wa Mwambao
Mayai ya kichocho yamekutwa kwenye vidole tumbo vilivyopelekwa maabara sehemu nyingi za Afrika zenye kichocho, hilo halina ubishi. Yanaleta uvimbe na makovu kwenye ukuta, mlango unasinyaa. Ila katika jumla ya wagonjwa ni sehemu ndogo. Minyoo nayo hivyo hivyo, wale wadogo weupe wa kuwasha sehemu ya haja usiku wanakutwa sana ndani ya kidole tumbo, mara nyingine bila hata kukivimbisha, na yale marefu ya duara yanaweza kuingia yakaziba. Kwa hiyo kunywa dawa za minyoo na za kichocho zikija kwenye kampeni, zina faida zake nyingi hata ukiacha kidole tumbo. Na ukishatolewa kidole, kama kuna uwezo kipelekwe maabara ya nyama, maana ukikutwa na kichocho unapewa dawa yake vinginevyo umetoa kidole umeacha ugonjwa.

Mama Kijacho
Samahani nina mimba ya miezi sita, mjamzito anaweza kupata? Na akikatwa mtoto inakuwaje

Tabibu wa Mwambao
Anaweza, ni kama mmoja katika wajawazito 1,500 hivi, na ndo upasuaji wa dharura usiohusu uzazi unaoongoza kwa wajawazito. Kizazi kikikua kinaweza kukisukuma kidole kikapanda, kwaiyo maumivu yanaweza kuwa juu zaidi ya pale tulipozoea. Anafanyiwa upasuaji na wengi mimba inaendelea vizuri. Kinachotishia mtoto zaidi ni kidole kutoboka, hapo hatari ya kumpoteza inapanda sana. Wewe huna maumivu sasa hivi si ndiyo? Basi usikae unajibonyeza bonyeza usiku kucha, endelea na kliniki yako.

Mama Kijacho
Sina, nilikuwa na hofu tu. Asante

Mtoto wa Mabawa
Ulisema wa miaka 70 wanawatia presha, hukumalizia. Baba ana 68.

Tabibu wa Mwambao
Kweli nilisahau. Mzee dalili zake zinakuwa baridi. Homa hapati au ndogo, chembe nyeupe hazipandi sana, maumivu anasema "tumbo halijakaa sawa" basi. Alafu ana sukari, ana presha, anameza dawa zingine. Anachelewa kuja, na sisi tunachelewa kumdhania, kwa hiyo wazee wanafika kimeshatoboka kwa wingi kuliko vijana na vifo viko zaidi upande wao. Kwa kijana ambaye hakijatoboka kufa ni chini ya mmoja katika mia.

Kingine, mtu aliyevuka 40 akaugua kidole tumbo, hasa kama kulikuwa na donge au jipu, baada ya kupona apangiwe kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, maana saratani ya mwanzo wa utumbo mpana inaweza kuziba pale mlangoni ikajifanya kidole tumbo cha kawaida. Hili halifuatiliwi sana, wewe mwenye baba liulizie.

Kapuku Mwenzenu
Na sisi tusio na bima? Maana hospitali ukienda mfukoni elfu kumi unaulizwa hela ya kuandikisha kwanza

Tabibu wa Mwambao
Dharura unatakiwa upokelewe na uhudumiwe, hesabu ifuate. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, ndugu mmoja akae na mgonjwa mwingine aende ofisi hiyo mapema asisubiri siku ya kutoka ndo aanze kulia. Na kwa kuchelewa huokoi hela, kidole ambacho hakijatoboka mtu analala siku chache anatoka, kikishatoboka kuna kusafisha tumbo, mipira, dawa za mshipa za siku nyingi, pengine kufunguliwa mara ya pili. Ukiondoka nyumbani usile wala usinywe kitu, na beba ndugu wa kujitolea damu kama wapo.

Boda wa Chumbageni
Swali la mwisho mkuu. Ukishakatwa boda unapanda lini? Na kinaweza kuota tena?

Tabibu wa Mwambao
Hakioti. Kikibaki kishina kirefu kinaweza kuvimba ila ni nadra sana. Kazi nyepesi za kukaa, wiki moja mpaka mbili. Kuinua mizigo na kupiga kiki pikipiki, kwa aliyepasuliwa kwa kisu cha kawaida subiri wiki nne mpaka sita, waliotolewa kwa vitundu vidogo na kamera wanarudi mapema zaidi. Kidonda kikianza kutoa maji, homa ikirudi au tumbo likijaa, usisubiri tarehe ya kliniki, rudi siku hiyo hiyo. Na abiria wa kukaa nyuma nae ni hivyo hivyo, matuta hayajui nani anaendesha.